Sheria za Siku Uliyoingia

Lango lilinifungukia mimi, na tatizo lilianzia hapo.

Nilisimama mbele yake nimenyoosha kola kama bwana harusi, nikapumua kwenye kipini changu cha pua, na lile bamba la chuma lenye unene wa godoro likasogea pembeni. Upepo wa nje ukaniingia usoni, unanukia mvua na majani yaliyolowa. Miaka mingi sikuwa nimeunusa. Nikaufaidi kidogo, nikarudi ndani, nikashika kipaza sauti na kuwatangazia watu wote.

"Ndugu zangu, lango liko wazi. Pandeni taratibu, msisukumane. Anayetaka kuondoka na kochi alibebe kwa kichwa chake."

Watu wakacheka mpaka korido za chini. Na kicheko kilihitajika, maana tangu alfajiri maji ya moto ya mlima yalikuwa yanapenya kwenye ghala letu la chini kabisa, na pampu zilikuwa zinalia kama mbuzi aliyefungwa juani.

Kwenye karatasi za serikali mji wetu unaitwa Makazi ya Dharura. Sisi wenyewe tunauita Tumboni, kwa sababu tunaishi ndani ya tumbo la mlima. Tulikimbilia humu ile miaka ya jua baya, wakati mtu aliyetoka nje saa sita mchana alirudishwa na machela. Jua lilishatulia. Sasa ni mlima wenyewe uliokuwa unatutapika.

Wa kwanza kufika langoni alikuwa Mzee Kajuni, mchimbaji wa zamani, amevaa suti ya harusi ya mwanawe. Akapumua. Lango likakaa kimya. Akapumua tena kwa nguvu, kama anapuliza kuni mbichi. Kimya.

"Fundi Gwakisa," akaniita bila kugeuka, "hili lango ni la watu wote au ni la kwenu wewe na mkeo?"

"Jaribu tena, mzee. Labda umepumua kwa dharau."

Akajaribu mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Likagoma. Akajaribu kijana mwenye begi. Likagoma. Nikasogea mimi nikapumua, likafunguka kwa adabu zote, likanisubiri, likajifunga. Hapo watu hawakucheka tena.

Injinia Sekela, mkuu wangu wa kazi, alipanda ngazi mbilimbili akiwa na matope mpaka magotini. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini kichwa chake kinakwenda mbio kuliko miguu yangu.

"Fundi, ulilijaribu na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Wewe umeingia lini?"

Nikashika kipini changu. Nilishaelewa. Hata yeye aliona kwamba nimeelewa, akashika kiuno.

"Leo asubuhi," nikasema.

"Na wao?"

Nilitazama foleni, watu wamebeba masufuria, wamebeba kuku, wamebeba picha za wazazi wao. Kila mmoja alikuwa na kipini puani, na kila kipini kilikuwa kimeshikilia siku yake.

*

Tulishuka wawili hadi chumba cha Shina. Shina ndilo linaloendesha kila kitu Tumboni: hewa, taa, milango, pampu. Limekaa kwenye rafu ndefu za chuma, linavuma kama nyuki waliokula wakashiba. Mtu akifika hapa mara ya kwanza huvalishwa kipini, anasema "hodi", na Shina linamjibu "karibu". Kuanzia hapo wameshikana. Kila mlango unamjua kwa pumzi yake, mpaka siku atakayosema "kwaheri".

Na Shina halimbadilishii mtu masharti akiwa ndani. Ukishakaribishwa, umekaribishwa kwa sheria za siku ile. Walioliunda walifanya hivyo kwa huruma. Hawakutaka mtu alale mlango wake unafunguka, aamke amefungiwa kwa sababu wakubwa wamebadilisha mawazo wakati anakoroma. Huruma nzuri kabisa. Ila mlango ukiwa umefungwa siku uliyoingia, huruma hiyo hiyo inakufungia ndani.

Asubuhi ile, baraza lilipotoa ruhusa, nilisimama mbele ya Shina nikasema, "Lango, fungua." Likanijibu, "Nimesikia. Kwa watakaoingia." Huijibu hivyo kila amri. Nilikuwa nimezoea kulisikia hadi nikawa silisikii, kama saa ya ukutani. Halafu nikaanza zamu, nikaenda kulijaribu lango kwa pumzi yangu. Sisi mafundi tuna sheria yetu ya karakana: ukianza zamu unasema kwaheri na hodi, ili ukamate mabadiliko ya jana. Kwa hiyo mimi nilikuwa mgeni wa asubuhi ile ile. Wenzangu walikuwa wageni wa miaka iliyokwisha.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Waambiwe waseme kwaheri, wapige hodi upya, watoke."

Injinia Sekela alinitazama kwa jicho la mtu anayekusubiri ukumbuke.

Nikakumbuka.

Tumboni hakuna anayesema kwaheri. Ile zamu ya kwanza iliyochimba njia kuu, vijana waliaga wake zao kwa neno hilo, wakaingia, na paa likawaangukia wote. Tangu hapo neno likabaki la kaburini. Tukiachana barabarani, tukienda kulala, hata ukikata simu, unasema "tupo". Mwenzako anajibu "tupo". Mtoto akitamka lile lingine anapigwa kofi kabla hajalimaliza. Sisi mafundi tunalisemea chumbani humu, kwa siri, mlango umefungwa, na bado huwa natema mate.

"Ngoja," nikasema, nikajiona nina akili sana. "Nabadilisha neno lenyewe." Nikaligeukia Shina. "Neno la kutokea, liwe 'tupo'."

"Nimesikia," likajibu. "Kwa watakaoingia."

Nikaifuta amri hiyo kabla haijamtoa mtu kwa salamu, na Injinia akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini nilikipokea hivyo hivyo.

"Fundi, nalizima Shina na kuliwasha. Kila mtu atakatwa, atapiga hodi upya, lango litafunguka kwa wote. Maji yameshafika ngazi ya tatu ya ghala."

"Lizime," nikasema. Ndiyo, ilinitoka mdomoni. Halafu tukatazamana, na yeye ndiye aliyetangulia kuinamisha macho.

"Mama Lusajo," akasema polepole.

Mama Lusajo ni Tumpe, mke wangu. Alikuwa mchimbaji wa zamu ya pili, wale waliowafukua wa zamu ya kwanza. Vumbi la kazi ile lilimla mapafu. Siku hizo Shina lilikuwa linagawa pumzi. Ulikuwa unawekewa chini ya mbavu kimashine kidogo kama kibiriti, na Shina linakipigia mdundo: vuta, toa, vuta, toa, usiku na mchana. Baadaye watu wakawa wengi, Shina likaelemewa, milango ikaanza kufunguka kwa kujivuta na taa kupepesa. Baraza likaamua: pumzi basi, kwa watakaoingia. Waliokuwa nayo wakabaki nayo, kwa sababu waliingia kwa sheria ya zamani. Wakapungua mmoja mmoja, kwa uzee na kwa mengine. Akabaki Tumpe peke yake.

Sheria ile ile ya kale iliyowafungia wenzetu ndiyo iliyokuwa inampandisha mke wangu kifua.

"Unaweza kuirudisha pumzi kwa amri ya mdomo?" Injinia aliuliza, ingawa alijua.

"Haikubali. Ni ya jiwe."

Shina lina amri za namna mbili. Za mdomo unaziambia likiwa macho, linatii, lakini likilala na kuamka limezisahau zote. Za jiwe unazichonga kwenye bamba lile jeusi la ukutani, na Shina huzisoma wakati wa kuamka tu. Lango hupokea zote mbili. Pumzi ni ya jiwe peke yake.

"Nikichonga pumzi kwenye jiwe kisha ukalizima," nikasema, "wataamka watu wote wa Tumboni, kila mmoja anashikiwa pumzi, anayeihitaji na asiyeihitaji."

"Shina litaelemewa kabla halijamaliza kusema karibu. Na lango litakwama."

"Na nisipochonga..."

Hakuniacha nimalize. "Najua, kaka."

Pampu ya upande wa kushoto ilikohoa. Tukaisikiliza wote mpaka ilipoendelea.

"Nipe muda," nikasema. "Watu watoke kwa midomo yao wenyewe. Wakishatoka wote, nabaki na Tumpe, nachonga pumzi, tunalizima Shina tukiwa wawili tu. Halitaelemewa na wawili. Nje wimbi la Shina linafika hadi zahanati ya kambi tuliyoandaliwa, na zahanati ina mashine zake."

"Shina linaamka kwa muda wa kusonga ugali wa msibani. Muda wote huo hana pumzi."

"Nitampa yangu."

"Na hao juu wakikataa kulisema hilo neno?"

Nilitamani swali hilo aniulize mtu mwenye roho mbaya ili nipate wa kumchukia. Sekela hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na watu wengi juu, na maji chini.

"Wakikataa," nikasema, "utalizima."

*

Nilipanda juu ya sanduku la mtu, nikawaeleza. Sikuwaficha chochote isipokuwa Tumpe.

"Haliwezi kupokea neno jingine?" mtu akauliza.

"Nimelifundisha jingine. Likasema litalitumia kwa watoto wenu watakaozaliwa, nikaliondoa."

Wakaguna. Nikasema, "Nitazameni mimi. Kwaheri." Wakashtuka, mmoja akaziba masikio ya mtoto wake. "Hodi." Shina likajibu kipinini mwangu, karibu. "Mnaona? Sijafa. Kwaheri. Hodi. Kwaheri. Hodi. Hata mke wangu hajawahi kuniona natoka na kuingia hivi bila kuulizwa nilikuwa wapi."

Yule mwenye mtoto mgongoni akachekea ndani ya mtandio. Akajongea langoni, akafumba macho. "Kwaheri," akanong'ona kana kwamba anamtukana mtu mzima. "Hodi." Akapumua. Lango likafunguka.

Hapo ndipo mwendo ulipoanza. Kuna waliolisema huku wanalia, kuna waliolisema haraka kama dawa chungu. Dada mmoja alilisema kwa mbwembwe, akaongeza na kiuno. Lango linapitisha mmoja mmoja, maana linahesabu pumzi; mtoto asiyejua kusema tu ndiye anayepita kwa pumzi ya mama yake. Likisikia mbili, na moja haina ruhusa, linakwama. Vinginevyo ningembeba Tumpe mgongoni tukapita, yakaisha.

Foleni ikapungua, ikawa fupi, ikabaki watu wa Mzee Kajuni: wachimbaji wa zamani, wazee kwa wake zao, wamekaa juu ya mizigo yao wameligeuzia lango mgongo.

"Mzee wangu," nikasema, "maji yanapanda."

"Yapande. Nimewafukua ndugu zangu kwa mikono hii. Neno la mwisho walilosema asubuhi ile ni hilo. Sasa wewe unataka nilitamke nikiwa nimesimama pale pale walipopita?"

"Liage Shina. Usiniage mimi. Mgeni akitoka nyumbani kwa mtu haagi?"

"Gwakisa, unanichezea maneno. Wewe ni fundi wa mashine, mdomo waachie wenye duka."

Injinia Sekela alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alinionyesha kiganja, kimelowa. Maji yalikuwa yameshatoka ghalani.

Nilijikuta nawachukia wazee wale, watu walionifundisha kunyoa ndevu. Nikawaza, Sekela akilizima sasa hivi, hawa wote wataishi. Hata ukaidi wao utaishi. Atakayelipa ni mtu mmoja ambaye hajamkatalia mtu chochote. Na ni mimi niliyesema "utalizima", kwa mdomo wangu, bila kushikiwa panga. Nikatafuta mzaha wa kusema. Sikuupata.

"Baba Lusajo."

Tumpe alikuwa anakuja na korido, mkono ukutani, khanga kifuani. Anatembea kwa kufuata mdundo: vuta, hatua mbili, toa, hatua mbili. Nilimwambia anisubiri nyumbani. Mke wangu husubiri mpaka anapochoka kusubiri.

"Umenificha nini?" akaniuliza mbele ya watu wote. "Huwa unapiga soga na kipaza sauti. Leo umekiweka chini."

Nikamweleza. Wazee wakasikia. Ilibidi wasikie, nilikuwa siwezi tena kushusha sauti. Tumpe alinisikiliza, akapiga hatua zake mpaka mbele ya Mzee Kajuni, akasubiri kifua kijae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tulifukua pamoja."

"Tulifukua."

"Wewe unalikataa hilo neno." Akasubiri. "Mimi nalitamani. Kila mtu hapa anaweza kulisema akatoka. Mimi nikilisema, kifua kinasimama." Akasubiri tena. "Ukiendelea kukaa hapo, Injinia atalizima hilo Shina, na atakuwa sahihi. Simlaumu. Lakini mimi ni mwenzenu wa zamu ya pili. Utanizika kwa neno gani?"

Mzee Kajuni akanyanyuka, magoti yakalia. Akavua kofia.

"Mnisamehe," akasema, na hakutuambia sisi. Alikuwa analiambia paa. "Kwaheri."

Alisimama akiwa amekaza shingo, kama anayesubiri mlima uanguke. Haukuanguka.

"Hodi," akasema, sauti imekwaruza.

Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Injinia alikuwa wa mwisho. "Nakuwa nje hapo na machela," akasema. "Umeshachonga pumzi?"

"Naenda kuichonga."

"Ichonge vizuri. Tupo, fundi."

"Tupo."

Hakuna kati yetu aliyeuliza kuhusu lango.

*

Maji kwenye chumba cha Shina yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu, vuguvugu, kama ya kuogea mtoto. Nilimkalisha Tumpe juu ya meza. Nikachonga pumzi kwenye jiwe kwa kalamu ya mwanga, nikalisoma mara mbili. Nikashika mkono wa swichi.

"Uko tayari?"

"Siko tayari," akasema. "Zima."

Nikazima. Taa zikafa, ikabaki tochi yangu. Pampu zikanyamaza, na tukayasikia maji yenyewe kwa mara ya kwanza. Kifua cha Tumpe kikashuka, hakikupanda.

Nikaziba pua yake, nikampulizia. Kifua kikapanda. Kikashuka. Nikampulizia tena. Mnaoona mabusu kwenye sinema, msidanganyike. Ile ni kazi kama ya kujaza tairi kwa mdomo. Alikuwa ananitazama muda wote. Mimi nilitazama taa ndogo ya rafu, nyekundu, nyekundu, nyekundu, huku maji yanapanda kwenye vigimbi vya miguu, na masikio yangu yanavuma. Nilianza kuona nyota. Nikawaza, nikianguka mimi, ndiyo basi.

Ikawa kijani. Mvumo ukarudi.

"Hodi," nikasema mimi kwanza, kwa pupa, niondokane nayo. Halafu nikampulizia Tumpe pumzi ndefu kuliko zote, nikajitoa. Ilipokuwa inamtoka aliifinyanga kwa midomo.

"Ho..."

Ikaisha. Nikampulizia tena.

"Hodi."

Shina likawaza. Likajibu kwenye kipaza sauti cha chumbani, kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli:

"Karibu, Tumpe. Pumzi: ipo. Lango: limefungwa."

Kifua chake kikapanda chenyewe. Changu ndicho kilichosimama.

Amri ya lango nilikuwa nimeitoa kwa mdomo. Asubuhi, kwa haraka, kwa dharura, kwa mdomo. Shina limelala, limeamka, limesahau, limesoma jiwe. Na kwenye jiwe lango lilikuwa limefungwa tangu miaka ya jua baya.

"Lango, fungua!" nikapiga kelele.

"Nimesikia," likasema. "Kwa watakaoingia."

Tumpe alifuta mdomo kwa khanga. Alikuwa amelisikia vizuri kabisa.

"Baba Lusajo," akasema, "mimi nimeshaingia."

*

Tulipanda. Nilimbeba sehemu kubwa ya njia, na yeye akanikosoa sehemu kubwa ya njia, kwamba nainama vibaya na kwamba nitajuta. Nyuma yetu taa za korido za chini zilikuwa zinazimika moja moja. Shina liko juu kwenye rafu zake, maji yangelifikia mwisho. Lakini yangelifikia.

Langoni palikuwa kimya. Kochi moja limeachwa katikati ya njia. Kumbe kulikuwa na mtu aliyejaribu. Nikamkalisha juu yake. Kupitia kioo kidogo cha lango tuliona mvua, na Injinia Sekela amelowa, ameshika machela. Sauti haipiti.

"Kwa hiyo," Tumpe akasema, "umenipa pumzi, halafu ukanifungia nayo ndani."

"Ndiyo."

"Na ili nitoke, naiacha."

"Kwa muda mdogo. Unasema lile neno, nakupulizia, unapiga hodi. Kama kule chini."

"Kule chini ulinikata. Sikusema kitu." Pumzi ikaingia, ikatoka. Alikuwa anaifaidi, niliona. "Ni tofauti, Baba Lusajo. Mtu akikunyang'anya sahani ni jambo moja. Uisukume mwenyewe ukiwa na njaa ni jambo jingine."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia jambo la kijinga. Nikamwambia tunaweza kubaki. Maji yanaweza kusimama njiani, milima ina tabia zake, watu watachimba kutoka nje, sisi tukae hapa kwenye kochi la watu, yeye akiwa anapumua. Nilisema mengi. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa naongea. Kule chini hata ningeshindwa ningekuwa na la kujitetea, maana swichi haikutupa hiari. Hapa, akishalisema, na mimi nikakosea mara moja, atakuwa ameniaga kweli.

Aliniacha nimalize.

"Lusajo ameshatoka, yuko kambini huko nje," akasema. "Tukibaki, atakuja hapa kusema hilo neno mara mbili. Leo kulisema mara moja tu kumemliza mtoto wangu. Nilimpiga kofi mimi mwenyewe." Akavuta mkono wangu, akauweka juu ya mbavu zake, pale penye kile kibiriti kinachopiga. "Nishike hapa. Kikisimama, usitazame kitu kingine. Usitazame lango, usitazame taa. Fanya kazi yako."

"Sawa, Mama Lusajo."

"Na usiniletee mzaha."

"Sina."

"Najua huna. Ndiyo maana naogopa." Akatabasamu.

Akangoja kifua kijae mpaka juu. Kipini hakijali unamtazama nani unaposema. Angeweza kuliambia lango, au ukuta, au lile kochi. Alinitazama mimi. Na aliniita kwa jina langu, ambalo hajalitumia tangu Lusajo azaliwe.

"Kwaheri, Gwakisa."

Kile kibiriti kikasimama chini ya kiganja changu.

Nikampulizia. Kikapanda kifua, kikashuka bila neno, alikuwa amelegea. Nikampulizia tena. Midomo ikatikisika, ikatoa hewa tupu. Macho yake yalikuwa yananitazama, halafu yakawa yanatazama nyuma yangu kidogo. Nikavuta hewa yote iliyobaki Tumboni, ndivyo nilivyoona, nikaimimina yote, nikambana shavu kwa vidole.

"Mama Lusajo! Bisha mlango!"

"Ho...di."

Kimya. Shina lilikaa kimya kama mwenye nyumba anayechungulia dirishani kujua ni nani.

"Karibu, Tumpe," likasema. "Pumzi: ipo. Lango: wazi."

Kiganja changu kikagongwa kutoka ndani. Mara moja. Mara ya pili. Vuta, toa.

Nikabaki na kichwa mapajani kwake. Yeye ndiye aliyenisukuma.

Alipita yeye kwanza, peke yake, mkono ukutani, hatua mbili kwa kila pumzi. Lango likamfungukia, likajifunga nyuma yake. Nikasema zangu, kwaheri na hodi, mbio mbio kama mtu aliyesahau funguo, nikamfuata.

Mvua ilikuwa inanyesha ya kweli. Sekela alishamlaza kwenye machela, analia na kufunga mikanda kwa wakati mmoja. Na kumbe Mzee Kajuni hakuwa ameshuka kambini na wenzake. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake pembeni mwa njia, suti ya harusi imelowa chapachapa, anatazama lango. Alipomwona Tumpe akainuka, akashika upande mmoja wa machela kwa ile mikono yake.

"Tupo?" akauliza.

Tumpe alisubiri kifua kijae.

"Tupo, mzee. Ila mume wangu ananuka kitunguu."